Sinia la Chai na Macho ya Bi Zena

Jumapili. Mvua imenyesha tangu asubuhi hapa Makadara, uani ni tope tupu, lakini roho yangu leo nyeupe.

Mwezi uliopita walikuja wanawake wawili kutoka Majengo kunitazama. Wana kijana wao wanamtafutia mke. Najua ndiyo desturi yetu: msichana aingie na sinia la chai, macho chini, kimya. Lakini wale hawakutazama tu. Mkubwa wao, Bi Zena, mama wa kijana, aliniambia nigeuke. Akanivuta nywele ajue kama ni zangu. Akainua leso yangu akatazama miguu, akamwambia mwenzake, "Myembamba, lakini atanenepa."

Mbele yangu! Kama kuku wa sokoni anayebonyezwa kifua.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwa fundi ninakoshona, nasimama mbele ya kioo cha kabati naitazama miguu yangu kwa macho ya Bi Zena. Miguu iliyonitembeza miaka yote bila kuniudhi, sasa naionea haya. Nilikuwa nikiimba nikishona. Wenzangu wameniuliza nimenyamazia nini.

Hilo ndilo lililonipandisha hasira. Waliondoka, macho yao wakaniachia.

Leo wamerudi kutoa jibu. Shangazi kanipaka wanja, kanikumbusha: macho chini. Nikaingia, nikaliweka sinia mezani, kisha nikavuta kiti nikaketi mbele yao.

"Bi Zena," nikasema, "mwanao mbona hukuja naye? Nami nataka kumwona meno. Tena ageuke."

Wallahi, hamri alilokuwa akitafuna na chai lilimkwama kooni! Shangazi akanifinya, akaomba radhi eti mtoto ana homa. Homa gani? Wala sikuinuka. Nilimtazama mama yangu, aliyeketi karibu na meza. Yeye ndiye niliyemwogopa, maana angesema toka, ningetoka, na ningeolewa.

Mama alimimina chai taratibu.

"Mwanangu kauliza," akasema. "Mjibuni."

Wameaga chai ikiwa bado moto. Shangazi hasemi nami, ati nimejifungia mlango wa ndoa. Haya, na atie komeo kabisa! Anayenitaka aje mwenyewe aniulize mimi.

Pilau ya wageni nimeila mimi, sahani mbili. Kesho naenda kushona, na nitaimba mpaka fundi achoke.