Mafundi Baiskeli Wawili

Nachingwea
3 Mei 1949

Kaka Awadhi,

Shikamoo. Hujambo wewe na shemeji Mwamina? Mimi mzima, ila vumbi limenigeuza mwekundu. Naviringisha mapipa ya mafuta kwenye uwanja wa ndege wa wazungu wa mradi wa karanga.

Kaka, unajua nani walitengeneza ndege ya kwanza ya injini ikaruka? Mafundi baiskeli! Ndugu wawili, tumbo moja, kule Marekani, wanaitwa Wright. Mwenzangu Dastani kanihadithia. Mkubwa alijaribu kwanza, ikamshinda. Siku chache baadaye mdogo akalala kifudifudi juu ya ndege, ikaruka! Yule mdogo amefariki mwaka jana tu.

Mdogo wako,
Isihaka

Narung'ombe
20 Juni 1949

Mdogo wangu,

Hatujambo. Wewe huna haya! Umeniachia kibanda na baiskeli za watu, halafu katika hadithi zote za dunia umeipata ya mdogo kumshinda mkubwa. Mwambie Dastani akadanganye watani zake.

Nina jambo zito. Shemeji yako ana mimba. Unakumbuka yule wa kwanza alivyotufia njiani, mama yake tumembeba kwa machela, na Mnero kwenye hospitali bado mbali. Kila mara namkuta Mwamina ameitazama ile njia. Naogopa, Isihaka.

Kaka yako,
Awadhi

Nachingwea
8 Julai 1949

Kaka,

Shikamoo, na pole. Mpe pole shemeji.

Lakini mbona fundi baiskeli mzima unawaza machela? Tengeneza kitoroli, ukifunge nyuma ya baiskeli. Chukua magurudumu ya baiskeli yangu niliyoiacha darini. Ndiyo, yangu! Fungua kabla sijabadili mawazo.

Mdogo wako,
Isihaka

Narung'ombe
2 Septemba 1949

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ila nimeaibika. Kitoroli nilikimaliza: kirefu, ubao wa mninga, vishikio pembeni, mtu analala chali. Nikampakia mtani wetu Saadi kwa majaribio. Mshenzi yule akajifunika shuka nyeupe gubigubi! Tulipopita sokoni wanawake wakaanza kulia.

Mwamina akasema, "Hilo jeneza. Mimi silali humo nikiwa hai." Akaingia ndani. Kweli, vipimo nilivichukua kwenye jeneza la msikitini, maana ndicho chombo pekee nilichokijua cha kubebea mtu aliyelala. Sasa nifanyeje?

Kaka yako,
Awadhi

Nachingwea
17 Septemba 1949

Kaka,

Shikamoo. Nimecheka mpaka Dastani kaniuliza kama nina homa.

Hata wale ndugu mwanzoni walilala, baadaye wakaweka viti. Weka kiti cha kamba, chenye egemeo, atazame mbele. Shemeji anakwenda kuzaa, haendi kuzikwa. Ningekuja, lakini ruhusa nimenyimwa.

Mdogo wako,
Isihaka

Nachingwea
30 Novemba 1949

Kaka,

Shikamoo. Barua yangu hukujibu, na mvua zimeanza. Shemeji yuko wapi? Niandikie hata mstari mmoja, uwe mzuri au mbaya.

Isihaka

Mnero
6 Desemba 1949

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Mtoto wa kike, mzima. Mama mzima. Alhamdulillahi!

Samahani kwa kimya. Kile kiti nilikivunja na kukisuka upya mara nyingi, kalamu sikuigusa. Uchungu ulianza mvua inanyesha. Mwamina akapanda mwenyewe, akafungua mwavuli. Nilikanyaga mpaka pumzi ikakata, Saadi nyuma anasukuma huku anatukana ukoo wetu wote. Tukafika pale tulipompoteza yule wa kwanza. Nilitaka kusimama. Mwamina akaniambia, "Kanyaga." Nikakanyaga, ndugu yangu, machozi na mvua vyote usoni. Kwenye mteremko akapiga kelele, "Awadhi, taratibu! Kwani tunaruka?"

Kwa hiyo safari hii ni mkubwa aliyefika. Mwambie Dastani.

Jana kaja mtu wa Chiola, mkewe karibu anajifungua, anataka kitoroli kama chetu. Wengine watafuata, na mimi niko peke yangu. Wale wa Marekani walikuwa wawili, Isihaka.

Mtoto hana jina. Mwamina anasema jina atalitoa mwenye magurudumu, na hataki liletwe kwa barua.

Kaka yako,
Awadhi