Ma Koku Amekufa Mara Mbili na Bado Yuko Hai

Alhamisi, Bukoba. Mvua imegoma kukatika tangu asubuhi, ziwa halionekani, na mimi nina kinyaa. Sijala kitu kibaya. Ni watu tu.

Bora niyaandike hapa, maana nikikaa nayo yatanitoka mbele ya mteja.

Kazi yangu ni kuandika maelezo ya zana za programu. Zamani niliyaandika kwa ajili ya watu. Siku hizi anayesoma ni wakala wa akili mnemba: unamwambia unachotaka, anapitia maelezo ya kila zana, anachagua mwenyewe, anaitumia. Hana jirani wa kumuuliza. Hajawahi kukaa msibani. Anachokijua kuhusu zana ni kile nilichoandika, basi.

Mteja wetu mmoja ni chama cha kuzikana huko Kamachumu. Kwenye mfumo wao kuna zana inaitwa Taarifa ya Mwanachama, na kazi yake ni moja tu, kutangaza kifo. Maneno ya tanzia yamo humo tayari, unajaza jina. Niliandika wazi kabisa: itumike pale tu mtu amefariki na ndugu wamethibitisha, kwa mgonjwa tumia zana nyingine, na ujumbe ukishatoka haurudi.

Bosi wetu, Respicius, akafyeka yote. Eti maelezo marefu yanaichosha mashine, eti ina akili kuliko sisi, itaelewa yenyewe. Akaacha mstari mmoja: "Hutuma taarifa ya mwanachama kwa wanachama wote." Nilipinga, nikaambiwa napenda kuandika insha.

Insha!

Jana asubuhi katibu wa chama akamwandikia wakala kwamba Ma Koku amelazwa hospitali Muleba, wanachama wajulishwe. Wakala akatafuta zana ya kutuma taarifa ya mwanachama. Akaipata. Simu za chama kizima zikalia: tunasikitika kuwatangazia kifo cha Ma Koku.

Kwetu msiba ukishatangazwa hakuna anayeshika jembe. Watu waliacha kahawa yao mikekani, wakaja na mikungu ya ndizi na kuni kichwani. Majani ya kukalia waombolezaji yalikuwa yameshatandazwa sebuleni na wanawake wanalia, ndipo mwanawe Wilbard alipopiga simu kutoka hospitali kuuliza kwa nini anapewa pole wakati mama yake anakunywa uji.

Mawe, mama yangu! Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilimwomba Respicius aizime zana ile papo hapo, tuwapigie watu simu mmoja mmoja. Akacheka. Jamani, alicheka. "Si yuko hai? Sasa tatizo liko wapi?" Halafu, nikiwa nimesimama pale pale, akaanza kumwandikia wakala yule yule awajulishe wanachama kwamba taarifa ya Ma Koku ilikuwa na makosa.

Nilimwambia asitume. Akatuma.

Zana ile ile, maneno yale yale. Simu zikalia tena: tunasikitika kuwatangazia kifo cha Ma Koku. Waliokuwa njiani kurudi makwao wakageuza. Wengine wakaapa kwamba safari hii ni kweli, mgonjwa amezidiwa.

Leo kaja ofisini kachomekea, ananukia pafyumu, hana hata chembe ya aibu. Kaniagiza niwaandikie chama kwamba akili mnemba ilichanganyikiwa. Ilichanganyikiwa nini? Ilifuata mstari alioubakiza yeye. Unakisingizia kitu kisichoweza hata kujitetea, kisha unakaa unakunywa chai! Ananitia kinyaa mpaka kijiko alichokorogea ile chai sitaki kukigusa.

Sikuandika. Nimerudisha maelezo yangu yote, nikaweka na sharti kwamba bila katibu kuthibitisha kifo, hakuna ujumbe unaotoka. Nikamwambia Respicius akiyagusa tena atafute mwandishi mwingine. Akaguna, akarudi kwenye simu yake.

Kisha nikampigia Wilbard, nikamweleza ilivyokuwa, nani alifuta nini. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Akampa mama yake simu.

Ma Koku hakunitukana. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. Alisema majirani wameenda kwake mara mbili na ndizi zao, na mara zote mbili wamerudi wamenuna, wengine wanasema wamechezewa.

"Sasa nikifa kweli, waitu, mwanangu, nani atakuja?"

Kwa mtu wa kwetu hilo si swali la mzaha. Mama huyu amebeba kuni kwenye misiba ya wenzake maisha yake yote, akijua na wao watambebea. Sisi tumemharibia hilo, na hakuna ujumbe ninaoweza kuutuma ukalirudisha.

Nikamwambia mimi nitakuja.

Akacheka kidogo, akakohoa. "Kwangu unapajua?"

Sipajui. Jumamosi napanda kwenda Kamachumu.