Sikio ya Bronze

Cité ya Kapata, nyumba 118
Kolwezi, Shaba
Tarehe 11 mwezi wa tatu 1984

Mupendwa Kazadi, mutoto wa ndugu yangu, mutoto wangu,

Jambo kwanza. Habari ya Kalemie, na kazi yako ya kutengeneza bwato? Bibi yako Elise iko namna gani, na batoto? Ile kifua yenye ilikuwa inakusumbua wakati wa baridi, imepona? Siye hapa tuko. Magoti inaniuma, lakini meno yangu yote ingali mu kinywa, banamuke ba avenue banashangaa. Mama yako Mbelu iko muzima. Nimeandika hii mbele ya yote juu usishituke: mama yako iko muzima.

Ni bwato ya marehemu tata yako njo haiko tena.

Ninaandika na mukono yangu mwenyewe. Badibanga, kijana wetu wa kutupa nyavu, alitaka kuniandikia mbele ya kwenda kwake, yeye alisoma mpaka mwaka ya sita. Nikakataa. Hii habari ni yangu. Kama herufi inapigana, soma polepole.

Unakumbuka ile kartoni ulitutumia na treni, ikapitia Tenke, ikafika bila kufunguliwa. Ndani mulikuwa sondeur, kisanduku ya kuonyesha samaki na kipimo ya maji, na masikio mbili ya kufunga chini ya bwato, yenye kusikilizia kisanduku mambo ya mu maji, tuchague moja. Moja nyeusi, ya plastiki. Moja ya bronze, nzito kama ngumi ya mutu mukubwa. Uliandika: Tata, bwato yetu ni ya aluminium, muweke ya plastiki. Ukapiga mustari chini ya plastiki mara mbili. Ukaongeza: kama ni lazima ya bronze, isigusane na aluminium, juu mu maji itaikula, muweke mpira katikati.

Nilisoma. Sitasema sikusoma.

Lakini Kazadi, mi nilitumika miaka makumi mbili na saba mu atelier ya mine kule Musonoi, karakana ya mashini ya mugodi. Pompe zenye kumeza maji ya shimo nzima, ni huyu Tshilombo alikuwa anazifunga. Bazungu bawili banashindwa, banatuma mutu: "Muniitie Tshilombo." Plastiki kwangu ni kitu ya kuchotea maji. Bronze ni mutoto wa shaba, na siye tunalala juu ya shaba, jimbo yenyewe inaitwa Shaba. Nani ataniambia shaba ni mubaya? Nikatoboa tundu moja safi, muviringo kabisa. Mpira nikaitupa, juu mu pompe zangu chuma ku chuma njo inakaza. Nikakaza boulon mpaka ufunguo ikalia. Hata tone moja haikuingia.

Na ilifanya kazi! Siku ya kwanza ku ziwa ya Nzilo, taa nyekundu ikazunguka mu kisanduku, ikatuonyesha metre kumi na ine za maji, na samaki katikati, bamepangana kama bafanyakazi siku ya mushahara. Badibanga akaruka: "Tata Tshilombo, weye ni mulozi!" Nikamujibu: "Fundi, kijana. Mulozi anatumika bila ufunguo."

Mwaka muzima mama yako aliuzisha tilapia ku soko ya Musonoi, bengine banafunga meza zao banamuangalia. Alipaka nyumba rangi. Alicheka, Kazadi. Tangu maziko ya tata yako sikukuwa nimesikia ile kicheko.

Kiisha mvua ya pili, tulipindua bwato ku kando ya ziwa juu ya kuisugua. Mama yako akaniita: "Tata, kuya uone. Aluminium inatoka unga." Kweli, pembeni ya bronze kulikuwa unga mweupe, rangi imeinuka kama ngozi ya mutu mwenye kuungua. Akatia kidole, kidole ikabonyea. Nikamuambia: "Mbelu, hata aluminium inatoka jasho. Weye ujue samaki, mi najua chuma." Akapangusa kidole ku kikwembe. Unajua kwetu: mukubwa wa bwana akisema mbele ya mujane, neno imekwisha. Badibanga naye akaendelea kusugua. Nikachukua burashi, nikapaka rangi juu ya ule unga.

Nikikaa sasa, ni ile burashi njo ninaona.

Mwezi wa kwanza, asubuhi, tulikuwa batatu, mbali na kando. Nilikuwa naangalia taa. Ilikuwa inasema metre makumi tatu na moja. Nikasikia chini ya miguu kitu kama mutu anavunja biskuti. Bronze ilianguka yenyewe na kipande ya bwato kubwa kama sahani, yote yenye kuliwa. Maji ikapanda. Badibanga akamufunga mama yako ku bidon mbili tupu, mi nikashikilia kamba yake, mpaka batu ba mutumbwi bakatuokota. Bwato, motere, nyavu, byote bikashuka.

Kile kisanduku hakikudanganya: makumi tatu na moja. Nilirudi na kamba na ndoano mara ine. Kule chini kungali miti yenye maji ilifunika wakati balijenga barrage, ukuta ya kufunga muto, ndoano inakamata miti tu. Mara ya ine Badibanga akaniambia: "Tata, acha." Nikaacha.

Mama yako anauzisha mikate mbele ya mulango. Badibanga amekwenda kutafuta kazi Fungurume. Saa ya kula mama yako ananiletea bukari, ugali yetu, mbele ya batu bote, sahani yenye kufunikwa, anapiga magoti kama zamani. Sombe, majani ya muhogo, bila samaki. Angenitukana ningemushukuru.

Usitume kitu. Bwato kama ile haipatikani tena huku, na mi na haya magoti sitatengeneza ingine. Ukiwa na kasirani, kasirika, ni bwato ya tata yako. Lakini mama yako umuandikie. Sijui utamuambia nini. Umuandikie tu.

Salimia Elise, salimia mutoto Kanku, salimia tata Mulumba kule ku gare. Mungu aweke mukono yake juu ya nyumba yako, na kila bwato yenye unafunga na mikono yako irudi ku kando.

Mi mwenye kukupenda, hata kama leo sina uso,
tata yako mukubwa,
Tshilombo

Mu hii kifurushi ninakurudishia sikio ya plastiki. Ingali mu karatasi yake. Haijaona maji.