Nani Alitoa Upepo wa Tangi

Baba Watoto,

Swichi ya pampu ya kisima nimeizima, usiiguse! Asubuhi nina sabuni kichwa kizima, bomba likaanza kukohoa, pampu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, kama inanicheka. ~~Mwite fundi.~~ Usimwite. Nimebonyeza vali ya tangi la presha, haikutoa hata pumzi. Binti yako kanieleza: jana wewe ndiye uliyetoa upepo wote "ili maji yaingie mengi." Jamani, upepo ndio unaosukuma maji! Fungua bomba tangi liishe maji, kisha ujaze upepo kwa pampu ya baiskeli, ndipo uwashe.

Nimekwenda kazini na povu masikioni. Jioni nikioga, kaa karibu na tangi. Ukisikia nakuita kwa majina yako yote matatu, ujue yamekatika.

Mama Watoto