Ufunguo Niliokuchongea

Kibandani, Jumatatu asubuhi

Kwako Kaka,

Salamu zangu zipokee, kama mkono wako bado una desturi ya kupokea vya wenzako na kuvifikisha. Mimi ni mzima, nakula, nalala, ila mgongo unaniuma kidogo kwa kuinamia jiliwa, kile chuma cha kubania funguo, kutwa nzima. Hofu ni kwenu, na kwako wewe binafsi hofu yenyewe si kubwa. Shemeji na mtoto wasalimie sana. Hao sina ugomvi nao.

Ama baada ya salamu, barua yako niliipata Alhamisi. Nilipouona mwandiko wako juu ya bahasha nikasema, hee, leo jua limetokea wapi! Miaka miwili, Kaka, hujauliza hata kama niko hai. Nikadhani umenikumbuka. Kumbe umekumbuka droo. Unasema droo ya meza ya marehemu baba imegoma mwezi mzima, ufunguo unaingia lakini hauzunguki, na mafundi wawili walitaka kuivunja ukawafukuza. Unasema kwa kuwa mdogo wako "nimeangukia" kwenye makufuli, basi nije niifungue bila maneno mengi, kwani undugu ni kufaana. Hilo neno nimeangukia nimelisoma mara tatu. Mtu huanguka mwenyewe, Kaka, na mwingine husukumwa.

Unakumbuka nilivyotaka kuwa mpima ardhi? Nilifanya usaili wa chuo, nikatoka mle ndani nikijua nimewajibu vizuri. Anwani niliyoandika ilikuwa sanduku lako la posta, maana mimi sikuwa na langu, na ufunguo wa sanduku ulikuwa haubanduki mfukoni mwako. Kila Ijumaa nilikungoja mlangoni mwa duka lako la rangi kama kuku anayengoja pumba. Kila Ijumaa ulirudi ukanyoosha mikono mitupu. Wiki ya saba ukaniambia mbele ya wateja kwamba nafasi zile ni za wenye vichwa, mimi nishike mti nikoroge rangi. Ukanibatiza jina, Mpima Ndoo. Wateja walicheka, na mimi nikacheka nao, maana ningefanya nini?

Mama ndiye aliyeniuma zaidi. Alikuwa amenishonea shati jeupe la kwendea chuo, kwa mkono, na macho yake yale, lenye mifuko miwili kifuani, mmoja wa kalamu na mwingine wa rula. Shati hilo hakunipa. Nilipokwenda kumwona aliniambia kwamba nimepewa nafasi nikaitupa, na nilichokikataa nacho kinikatae. Kisha akaingia ndani. Nikadhani anasema nafasi ya dukani kwako, kwa kuwa siku zile tulikuwa tumegombana na nikawa nimefungasha nguo zangu. Kila nikipiga simu, dada yetu aliipokea akasema Mama yuko na shughuli. Shughuli ya miaka miwili! Nikameza, nikajiambia ndivyo anavyompenda mkubwa.

Nilizunguka na vyeti vyangu mpaka bahasha ikachanika pembe. Mwishowe nikaingia kwa Bi Kufuli, yule mama mwenye kibanda kama kabati karibu na stendi, kutengeneza kitasa cha chumba nilichopanga. Nilimwonyesha kwa kidole kwamba pini moja imekaa fupi. Akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza kama jicho hilo nimelinunua au nimezaliwa nalo. Kesho yake nilikuwa naye kazini. Usidhani alinibembeleza. Yule bibi ana mdomo mkali kuliko tupa zake za kuchongea funguo. Alisema mikono yangu ni ya karani, kichwa changu ni cha mtu aliyeachwa na gari, na nikikata ufunguo mmoja vibaya nitautafuna. Niliutafuna mmoja kweli, alinisimamia mpaka nikauweka mdomoni. Lakini hakuna siku aliyonificha kitu alichokijua.

Sasa sikiliza kanuni yake, maana ndiyo iliyokufikisha hapa. Bi Kufuli hafungui kitu cha mtu mpaka mwenyewe ataje kilicho ndani. Ukileta sanduku, taja. Ukimwita kwenye kabati, taja. Akifungua akakuta kitu hukukitaja, anafunga tena na anakwenda zake, hata uwe nani. Anasema mwenye mali hasahau mali yake. Anayesahau ni mwizi, au ni mtu anayeficha.

Wewe katika barua yako umetaja, na hukuulizwa. Umesema ndani mna cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya kiwanja, na saa ya baba isiyotembea. Vitatu. Umesahau cha nne, Kaka.

Basi ngoja nikiri, nisije nikawa kama wewe. Droo hiyo nimeshaifungua. Mwezi uliopita, uliposafiri kufuata rangi, Shemeji alikuja kibandani mbio mbio. Shule ilitaka cheti cha mtoto siku ileile, na ufunguo umeondoka nao. Akanisihi nisikwambie, kwa kuwa umemkataza kuigusa droo hiyo tangu uipige kufuli. Nikamwambia ataje, akataja vitatu hivyohivyo. Nikaenda, nikafungua, akachukua cheti akakimbia kukitoa nakala ng'ambo ya barabara. Nikabaki peke yangu na droo wazi. Chini ya saa ya baba kulikuwa na bahasha ya kaki yenye muhuri wa chuo. Na jina juu yake lilikuwa langu.

Nilikaa sakafuni, Kaka. Kanuni ilisema nifunge. Nikampigia Bi Kufuli, nikamwambia nimekuta kisichotajwa. Akauliza ni cha nani. Nikasema kina jina langu. Akasema basi mwenyewe yupo, na ametaja. Nikaitoa. Ilikuwa imefunguliwa kwa kisu, vizuri, bila kuchanika. Nimekubaliwa, niripoti baada ya wiki tatu. Tarehe ya muhuri wa posta ilikuwa ya wiki ya tatu ya kungoja kwangu. Maana yake Ijumaa nne nzima ulininyooshea mikono mitupu na barua yangu iko ndani ya mtoto wa meza ya baba yetu! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Shemeji aliporudi alirudisha cheti mahali pake, nami nikafunga. Ila kabla hajarudi nilikuwa nimekitoa kitasa nikabadilisha pini mbili. Ndiyo sababu ufunguo wako hauzunguki. Haujalika wala kitasa hakina kutu. Ni mimi. Shemeji hajui hilo wala hajui la bahasha, kwa hiyo usithubutu kumpandishia sauti. Hasira zako zilete huku, anwani unayo, na barua zangu siku hizi zinanifikia.

Kesho yake nilikwenda chuoni. Karani alifungua daftari la mwaka ule, akanionyesha jina langu limepigwa mstari, pembeni pameandikwa "Hakuripoti." Akanipa fomu, akasema naweza kuomba upya. Nilirudi nayo kibandani nikaiweka juu ya jiliwa. Bi Kufuli akasema niende nikitaka, yeye hafungi mtu, anafunga milango tu. Nimeitazama ile fomu wiki nzima. Kisha nikaitumia kufungia vyuma vya kazi, kwa sababu kila asubuhi nilijikuta nawaza kitasa kilichonishinda jana, wala siwazi viwanja. Kazi hii naipenda. Lakini usije ukajipa sifa kwamba ulinifungulia njia. Njia nimeipata gizani mwenyewe, na giza ulilitia wewe.

Halafu nikaenda kwa Mama, na bahasha mkononi. Hapo ndipo nilipojua ulichomwambia: kwamba barua ilikuja, nikaisoma, nikaona uvivu, nikaitupa. Kumbe "nafasi" aliyoisema ilikuwa hii! Miaka miwili Mama na mimi tumenuniana kwa neno moja. Dada alimsomea barua mara mbili. Mama aliushika ule muhuri, akaupapasa kwa kidole gumba, akalia. Akaniambia na jambo lingine: kwamba wewe uliomba chuo hichohicho mara mbili kabla yangu, na mara zote mbili walikukataa, ukamwapisha asimwambie mtu. Ungeniambia, Kaka, ningelia na wewe. Wallahi ningelia na wewe. Ulichagua nilie peke yangu.

Shati amenipa. Limenibana mabegani kidogo. Naandika nikiwa nimelivaa. Mfuko wa kalamu una kalamu, na wa rula nimetia tupa.

Sasa kuhusu ombi lako. Sitakuja. Lakini undugu ni kufaana, kwa hiyo ufunguo mpya wa droo nimekuchongea, na nimeuchonga vizuri, utazunguka bila kelele. Kwa Mama pia nimekuchongea, kama ulivyonichongea mimi, tofauti ni kwamba langu ni la kweli. Ufunguo anao yeye, ameufunga kwenye pindo la kanga yake pamoja na bahasha. Nimemfundisha kanuni ya kibandani. Amesema hataki tena kusikia kutoka kwangu wala kwa dada. Anakungoja uende ukae mbele yake, umtajie kwa kinywa chako vilivyokuwa ndani ya droo, vyote vinne. Ukitaja vitatu, anafunga pindo.

Nisalimie majirani wa dukani, na mteja yeyote atakayemuulizia Mpima Ndoo, mwambie anapima vya ndani siku hizi.

Ni mimi mdogo wako, niliyeripoti.