Ombi Kuhusu Jina la Shikulu

Kwa Baba Mheshimiwa,
Shinyalu.

Nakuamkia kwa heshima nikiwa Naivasha, ambako bado natunza stoo ya shamba la maua. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku hunibana kifua. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na Mama hajambo. Dhumuni la barua hii ni kuomba uamuzi wako kuhusu jina la fahali wetu, Shikulu.

Mdogo wangu Rodah amenieleza yaliyotokea alipokuonyesha kwenye simu yake mchezo wa kompyuta nilioutunga, wa mafahali wanaopigana, ambamo fahali mmoja nilimpa jina la Shikulu. Ulimwona Shikulu huyo wa mchezoni akianguka na kufa, naye jirani aliyekuwa akichungulia akakuuliza, "Mzee, tulete sufuria?" Tangu siku hiyo umekataa kumpeleka Shikulu wetu uwanjani kupigana na mafahali wenzake. Nimehuzunika, maana najua ulivyomlea, ukimkatia nyasi kabla wewe mwenyewe hujanywa chai.

Naomba kueleza. Programu ya mchezo haikai ikimngoja mtu, kama ile ya kuandikia barua. Huzunguka bila kukoma: hutazama iwapo kidole kimegusa kioo, hukokotoa kila kitu kiko wapi, huchora picha upya, kisha huanza tena, upesi kuliko kupepesa jicho. Ndiyo sababu ulimwuliza Rodah, "Sijaigusa, mbona inatembea?" Humo ndani, nguvu za Shikulu ni namba tu. Niliiagiza kompyuta kwamba namba hiyo ikifika sifuri, fahali afe. Michezo niliyojifunzia iliandikwa hivyo, nami nikaiga.

Rodah alinikemea kwa simu: "Kwani umekaa huko mpaka ukasahau? Ng'ombe yetu haikufangi uwanjani. Ikishindwa inageukanga tu, inakimbia, tunashangilia ile ingine."

Agizo hilo nimelifuta. Sasa nguvu zikiisha, fahali hugeuza mgongo na kutoka, na ngoma za isukuti humshangilia aliyebaki. Kesho yake hupigana tena.

Hata hivyo, jina ulimpa wewe, nami nililichukua bila kuuliza. Ukisema niliondoe, sitanung'unika. Ningependa libaki, kwa kuwa jioni nifunguapo kompyuta, yeye ndiye wa nyumbani pekee ninayemwona.

Nisalimie Mama, shangazi anayeuza mboga sokoni, na mjomba anayemwogesha Shikulu.

Je, jina libaki, au niliondoe? Naomba uamuzi wako.

Mwanao mtiifu,
Ignatius