Kidonda Kinachotaka Fedha

Mpendwa mshauri, naomba msaada lakini usinionee huruma, huruma nimeletewa na majirani mpaka imenichosha. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu ni ya kukanyaga, shule niliishia darasa la tatu lakini suruali ya kunishinda bado haijashonwa, sasa chuma cha pedeli kilinichuna muundi, nikapuuza, kikawa kidonda, kikatunga usaha, dawa za kwanza zikagonga mwamba, na daktari akasema kikizidi kuingia ndani huenda mguu ukakatwa, na bila mguu cherehani ni meza tu.

Juzi katika chumba cha vidonda, muuguzi, kijana tu, akakitazama akatabasamu: "Bibi, hiki sasa kinataka fedha. Vichembe tu." Nikapandwa na hasira! Nikamwambia mbele ya foleni nzima, "Mwizi mkubwa! Vichembe ndiyo jina jipya la hongo? Nikupe chai, mimi niliyemzidi umri mama yako?" Nikabeba kiatu mkononi, nikatoka nachechemea, wagonjwa wakanipigia makofi.

Nyumbani mjukuu wangu wa kike, anayesomea mambo ya maabara, akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi we! Fedha ya pete, si ya sokoni! Wameifanya vichembe visivyoonekana, vimo ndani ya bandeji, vinaua vijidudu."

Mimi kuomba radhi sikuzoea. Nikavua bangili ya fedha ya marehemu mama, nikaifunga juu ya kidonda kwa kitambaa, leo siku ya tatu, na kinanuka. Je, niongeze mkufu, au nihame hospitali?

Bibi Cherehani

*

Bibi, shikamoo. Heshima nimekupa, sasa nikugombeze.

Fungua hiyo bangili kabla hujafika mstari unaofuata. Umefungua? Haya. Bangili ni bonge la madini lililoshiba jasho na vumbi, unakilisha kidonda uchafu. Vichembe vya muuguzi ni vidogo mno, hata vikijaa kwenye ncha ya sindano yako huvioni, na hutoka kwenye bandeji kidogo kidogo, vikipambana na vijidudu, hata baadhi ya vile vilivyozoea dawa nyingine. Wala si uganga: kwanza wataosha kidonda, watakupima sukari, na ukipewa vidonge umeze vyote, usimwachie panya.

Kuhama hospitali kwa nini? Yule kijana alitabasamu kwa sababu aliona dawa bado ipo. Aliyekata tamaa hatabasamu, Bibi. Mguu wako una nafasi nzuri ya kupona, unaouchelewesha ni mdomo.

Kidonda kinachonuka hakingoji kesho. Nenda leo, mjukuu akushike mkono. Na kwa kuwa ulimtukana mtoto wa watu hadharani, radhi usimnong'oneze pembeni. Simama mbele ya foleni, kwa sauti ileile iliyomwita mwizi, useme, "Mwanangu, nilikukosea." Umri haupungui kwa hilo.

Kisha nyamaza, kaa kitini, umnyooshee mguu.